Taa za Mbele ya Usukani: Zinaona Nini, Hazioni Nini

Maneno haya yalisemwa mbele ya mashofa wa teksi na wenye magari binafsi katika ukumbi wa parokia moja ya Kadutu, Bukavu. Msemaji ni fundi wa umeme wa magari. Ameyaandika mwenyewe baadaye, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa.

Jambo yenu, baba na mama. Jambo yenu, ndugu mashofa, na ninyi wenye gari zenu za nyumbani mliokubali kutoa siku ya mapumziko. Aksanti sana kwa kunialika.

Rais wa chama chenu aliponipigia simu alisema: "Mukubwa, uje utuelezee zile taa za tablo, moja moja." Nikamjibu nitakuja, lakini moja moja hapana. Gari la siku hizi lina taa zaidi ya 20 pale mbele ya usukani, na nikizipitia zote mtakuwa mmesinzia kabla sijafika katikati. Tena michoro yake mnaijua tayari. Kuna kanuni ya kimataifa, ISO 2575, inayopanga alama hizo, ndiyo maana RAV4 iliyotoka Japani na Mercedes iliyotoka Ujerumani zinakuonyesha mchoro uleule wa freni. Hapo Kijapani hakihitajiki.

Kijapani kinawasumbua mahali pamoja tu: yule mwanamke anayeongea ukiwasha gari. Wateja huniuliza anasema nini, na wengine wanaamini anaonya juu ya freni. Anasema kadi haijaingizwa. Kule Japani barabara kuu zinalipiwa, na watu wengi huweka kadi kwenye kifaa kiitwacho ETC kinachokatwa pesa chenyewe unapopita. Kifaa kilikuja na gari lake. Hapa Bukavu hatuna cha kuingiza humo. Mwacheni aongee, au mniletee gari nikichomoe. (Kicheko.)

Nilichokuja nacho ni hiki. Nyuma ya kila taa kuna swichi au sensa, na mara nyingi kompyuta ndogo inayokusanya habari za sensa kadhaa. Taa inajua kile tu kinachopimwa pale. Swichi ya kiwango cha mafuta ya freni haijui kama plaketi, vile vibao vinavyobana diski, zimeshika moto. Kompyuta ya airbagi, ule mfuko wa hewa unaofunguka ukigonga, inajua kama waya umekatika. Haijui kama baruti iliyomo ndani imeharibika. Kwa hiyo mtu akinipigia simu kutoka barabarani na kusema taa imewaka, swali langu la kwanza ni hili: taa hiyo inaona nini? La pili: ni kitu gani haiwezi kukiona?

Rangi tuzipite haraka. Nyekundu, tafuta mahali pa kusimama. Njano, gari linaendelea lakini kuna msaada mmoja umekuacha; punguza mwendo, panga siku ya garaji. Kijani na bluu zinakujulisha tu kwamba kitu kimewashwa. Ile birika nyekundu yenye tone, ya mafuta ya injini, zima moteri hapo hapo mara tu umesimama, usingoje kufika Nyawera. Na ile ya njano yenye umbo la moteri leo siigusi. Ina siku yake, na siku hiyo ni ndefu.

Tuanze asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza. Zungusha ufunguo hadi kwenye kontakti, moteri usiwashe. Kama gari lako ni la kubonyeza, kwenye Toyota nyingi unabonyeza mara mbili bila kukanyaga freni. Tablo yote itajaa taa. Usiwe na haraka, tazama. Ya ABS, ule msaada wa freni nitakaoueleza baadaye, inakaa sekunde chache, inazimika yenyewe. Ya airbagi, yule mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua, inakaa kama sekunde 6, nayo inazimika yenyewe. Ya batri na ya mafuta ya injini zitabaki, kwa sababu moteri bado haijazunguka. Wakati huo kompyuta zinajichunguza, na wewe unachunguza kama ampuli zenyewe ni nzima.

Na hapa nasema jambo ambalo wengi hawalifikirii: taa ambayo haikuwaka kabisa kwenye kontakti inanitia wasiwasi kuliko ile iliyowaka ikabaki.

Sababu ni biashara ya magari yaliyotumika. Mtu ananiletea gari, anasema limetoka kwa muuzaji safi kabisa, tablo haina taa hata moja. Nikifungua tablo nakuta ampuli ya airbagi imeng'olewa. Au kuna kipande cha skochi nyeusi, ule utepe wa kunata, nyuma ya mchoro. Au, na hii ni kazi ya mtu aliyesoma, waya wa taa ya airbagi umefungwa pamoja na waya wa taa ya mafuta ya injini. Basi inawaka kwenye kontakti, baadaye inazimika, mnunuzi anahesabu dola zake kwa furaha. Lakini angalieni inazimika saa ngapi. Taa halali inazimika baada ya sekunde zake, moteri ikiwa bado imelala. Ile ya uongo inazimika pamoja na taa ya mafuta, palepale moteri inapowaka. Kwa hiyo siku ya kununua gari msimwache muuzaji awashe moteri harakaharaka huku anawasifia redio. Kaa kwenye kiti mwenyewe, kontakti tu, hesabu hadi 10.

Kumfichia shofa taa namna hiyo ni kama kumziba mtoto mdomo asilie homa. Nyumba inatulia, joto linaendelea kupanda.

Sasa airbagi yenyewe. Taa yake, inayoitwa pia SRS, ikiwaka na kubaki, maana yake kompyuta imeona kasoro kwenye mfumo, na katika magari mengi huzima mfumo wote au sehemu yake. Siku ya kugonga, airbagi inaweza isifunguke, na mkanda ambao ungejikaza wenyewe unaweza usijikaze. Kasoro mbili nazikuta kuliko nyingine. Ya kwanza iko chini ya kiti. Huko kuna soketi za rangi ya njano; watengenezaji huzipa rangi hiyo ili fundi ajue asiziguse ovyo. Shofa anasukumia jeki chini ya kiti, kidumu cha maji, viatu vya mvua, kisha anavuta kiti nyuma. Soketi inalegea. Taa inawaka. Ya pili iko ndani ya usukani: kuna utepe wa nyaya unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona. Ukikatika utaona taa ya SRS, na mara nyingi klaksoni nayo inanyamaza kwa kuwa inapitia utepe huohuo. Watu huja garaji mbio kwa ajili ya klaksoni, kwa sababu bila klaksoni nani atapita Nyamugo saa kumi na moja jioni? Taa ya airbagi wameiona miezi na miezi, hiyo hawakuitaja.

Msifungue wenyewe. Hata sisi mafundi tunaondoa kwanza waya wa batri na kungoja. Toyota inaandika sekunde 90 angalau, kwa sababu kompyuta ina akiba ya umeme inayoweza kulipua airbagi hata batri ikiwa imetolewa. Na mekanisia akitaka kupima airbagi kwa ommita ya kawaida, mwondoeni kwenye gari kwa heshima. Umeme mdogo wa kile kipimo unaweza kutosha kuilipua usoni pake.

Nilisema kuna kitu taa hii haioni. Wengi wenu mmesikia jina la Takata, kampuni ya Japani iliyotengenezea airbagi Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine wengi. Baruti yake, nitrati ya amonia, iliharibika taratibu kwa joto na unyevu wa miaka. Airbagi ilipofunguka, chombo chake cha chuma kilipasuka na vipande vikamrukia aliyeketi mbele. Watu wamekufa katika nchi kadhaa, na makumi ya mamilioni ya airbagi yakaitwa kurudishwa, ndiyo idadi kubwa kuliko zote katika historia ya magari. Kampuni ilifilisika mwaka 2017. Jambo la kukumbuka ni kwamba gari lenye airbagi ya namna hiyo halionyeshi taa yoyote. Nyaya ziko sawa, kompyuta inaona kila kitu kizuri. Njia ya kujua ni namba ya chasisi: watengenezaji wana ukurasa kwenye intaneti wa kuitafuta namba hiyo na kuona kama gari liliitwa kurudishwa na kama lilirekebishwa. Mpe kijana wako wa chuo kikuu simu, ni kazi ya dakika chache. Nusu ya magari niliyoyaona pale uani yanatoka miaka ya airbagi hizo.

Kabla sijaondoka hapo, nizungumze juu ya kiti cha mbele. Tunajua teksi za hapa: wanne nyuma, wawili mbele karibu na shofa. Airbagi ilipangwa kwa mtu mmoja aliyefunga mkanda, kifua kikiwa mbali na usukani au dashibodi, angalau sentimita 25. Inafunguka kwa chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde moja, kwa nguvu ya mlipuko. Yule wa pili aliyekaa juu ya freni ya mkono hana mkanda, hana airbagi, na anamsukuma mwenzake akaribie dashibodi. Na mama aliyempakata mtoto mbele, mtoto ndiye anayekuwa kati ya airbagi na mama. Najua bei ya esansi, yaani petroli, najua versema, zile pesa mnazompa mwenye gari kila jioni. Nikiwa abiria nalipa nafasi mbili za mbele. Mtoto, mwambieni mama akae nyuma, hata kama inabidi muwahamishe watu wazima. Taa ya mkanda, yule mtu mwekundu mwenye mstari kifuani, inaona kitu kimoja tu: kama kichwa cha mkanda kimeingia kwenye kifungo. Mnajua wenyewe mnavyoufunga mkanda mgongoni mwenu ili taa inyamaze. Mkanda wa pointi tatu ulitoka kwa Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na airbagi za magari yenu zimepangwa kusaidiana na mkanda uliofungwa kifuani.

Twende kwenye freni, na hapa sitaharakisha, maana sisi watu wa Bukavu tunaishi kwenye miteremko.

Ile nyekundu, duara lenye alama ya mshangao na mikunjo miwili pembeni, ina kazi mbili, na kwenye magari yenye ABS tatu. Inawaka ukiwa umevuta freni ya mkono. Inawaka mafuta ya freni yakishuka chini ya alama. Na inawaka pamoja na ya njano ya ABS wakati kompyuta imepoteza uwezo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nitairudia hiyo ya tatu.

Mafuta ya freni hayapotei bure. Plaketi zinapolika, pistoni inatoka mbele zaidi, mafuta yanajaza nafasi iliyobaki, kwa hiyo kiwango kwenye chupa kinashuka. Sasa angalieni tabia moja ambayo hapa kwetu inadanganya watu. Shofa anapanda Cimpunda, taa nyekundu inawaka. Anafika Nyawera mahali tambarare, inazimika. Anasema imejitibu. Haikujitibu. Mafuta yamefika karibu na mpaka. Gari likiinama yanakimbilia upande mmoja wa chupa, kielea kinashuka, taa inawaka. Hiyo ndiyo siku nzuri kabisa ya kuja garaji, kwa sababu taa imekuambia mapema. Na fundi akichukua chupa ya mafuta akajaza bila kutoa tairi, amezima taa tu na kuziacha plaketi zilivyo. Mwambie atoe tairi, akuonyeshe unene. Plaketi zikiwa bado nene, basi mafuta yanatoka mahali. Atazame ndani ya kila gurudumu kama kuna unyevu.

Kingine: msitie humo mafuta ya injini, wala ya usukani, wala maji. Mafuta yatokanayo na petroli ghafi yanavimbisha mipira ya freni hadi inashikamana. Maji, hapa kwetu kwenye mita 1,460 za ziwa na kupanda, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na diski kwenye mteremko zinapita hapo bila taabu.

Hapo ndipo penye Ngomo, ule mteremko mrefu. Wale mnaoshuka Kamanyola kwa barabara ya RN5, mkitoka Nyangezi, mnajua zile kona. Mafuta ya freni ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, ya DOT 4 kwenye 230. Lakini mafuta ya freni yananyonya unyevu wa hewa, mwaka hadi mwaka, na yakishalowa kiasi kile kinachotumiwa kwenye vipimo, DOT 3 inashuka hadi 140 na DOT 4 hadi 155. Shuka Ngomo ukikanyaga freni mfululizo na gari limejaa, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama. Je, taa itawaka? Hapana. Chupa imejaa vilevile. Swichi haina habari. Shofa anatazama tablo, tablo ni safi, na mguu wake unakanyaga kitu laini. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu tegemeeni mguu na pua kuliko macho: pedali inayokwenda mbali kuliko dakika tano zilizopita, harufu ya plaketi zinazoungua. Weka vitesi, yaani gia, ya chini tangu juu. Automatiki ina 2, ina L. Nyingine zina B au S. Hivyo vipo kwa ajili ya Ngomo, ingawa watu wengi hawajawahi kuvigusa tangu wanunue gari.

Ikitokea pedali imezama, usizime moteri. Pampu pedali haraka mara kadhaa, rudisha vitesi ngazi kwa ngazi, vuta freni ya mkono polepole huku kidole kikiwa kwenye kitufe ili uweze kuiachia nyuma ikianza kuteleza, na kaa upande wa mlima. Gari likigusa udongo wa mlima, kinachoharibika ni bampa.

Na kwa wale wanaoshuka moteri imezimwa ili kuokoa esansi. Sijui nani alianzisha. (Sauti kutoka ukumbini: "Bei!") Bei, ndiyo. Lakini sikilizeni hesabu yake. Moteri yenye sindano za kompyuta, ukishuka ndani ya vitesi bila kukanyaga gesi, kompyuta inafunga esansi kabisa. Unatumia sifuri. Ukitia huru na moteri ikaunguruma, inakunywa kidogo kuliko ukiwa na mwendo, lakini inakunywa. Na ukiizima, hukuokoa kitu zaidi ya yule aliye ndani ya vitesi, isipokuwa umepoteza msaada wa freni. Umebaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedali ni jiwe. Usukani wa umeme unakuwa mzito. Ufunguo ukirudi hadi mwisho, usukani unajifunga, na hapo hakuna ufundi tena. Tena kontakti ikiwa imewashwa na moteri imelala, taa za batri na mafuta zimewaka zote, hutaiona iliyo mpya ikijiunga nazo.

Sasa ABS, ya njano. Ilitoka kwenye Mercedes mwaka 1978, kazi ya Bosch, na siku hizi hata Vitz kuukuu inayo. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisifunge, yaani lisiache kuzunguka na kuburuzwa, ili uweze kuendelea kukata kona huku umekanyaga. Ikiwaka taa, freni za kawaida zipo, ila magurudumu yanaweza kufunga kwenye utelezi. Mara nyingi ninachokuta ni sensa ya gurudumu: tope letu limejaa kwenye pete yake, au waya umekwaruzwa na jiwe, au mtu aliyebadilisha beringi alivuta waya kama kamba. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 hata skana haihitajiki. Unaunganisha tundu la Tc na la CG kwenye soketi iliyo chini ya usukani, unawasha kontakti, unahesabu taa ya ABS inavyopepesa. Tatu, inatulia kidogo, moja: sensa ya mbele kulia. Tatu, mbili: mbele kushoto. Tatu na tatu, tatu na nne, ndizo za nyuma. Kile kifaa cha bei ndogo kinachounganishwa na simu mara nyingi kinasoma moteri tu. ABS na airbagi hakizifikii. Na kufuta namba hizo za kasoro bila kusafisha sensa ni kupoteza pesa, taa inarudi kabla hamjavuka Place de l'Indépendance.

Ndiyo, mukubwa, pale nyuma?

(Shofa mmoja: "Muzee, gari yangu taa ya ABS inawaka mwaka mzima na ninasimama tu vizuri.")

Unasimama vizuri pakavu, kaka. Hiyo siipingi. Lakini lini gari lako lilihitaji ABS? Siku ile ya mvua mwanafunzi akiruka barabara. Nyingine zote haikuwa na kazi. Nikuulize: taa nyekundu nayo inawaka pamoja? ("Hapana, ya njano peke yake.") Basi endesha, ongeza nafasi kati yako na wa mbele, uje wiki hii. Lakini zikiwaka zote mbili pamoja, nyekundu na njano, usinipigie simu ukiwa unaendesha, simama. Hiyo ndiyo ya tatu niliyoiahidi. Magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kabla ya yale ya mbele, na gari likifunga nyuma linageuka. Ujue pia kwamba ABS ikiwa nzima, pedali inatetemeka na kugonga chini ya mguu ikifanya kazi. Watu hushtuka na kuinua mguu. Usiinue, shikilia, kata kona. Na kwenye changarawe usitegemee ikusimamishe karibu. Huko inaweza hata kurefusha njia ya kusimama.

Ile ya gari linaloteleza lenye mistari miwili ya nyoka, VSC au ESP, ya mfumo unaozuia gari lisiteleze, ina jambo moja la hapa kwetu. Ikipepesa huku unaendesha, inafanya kazi. Toa mguu kwenye gesi kidogo na uiache. Ikibaki imewaka, ama ina kasoro ama imezimwa. Na mara nyingi imezimwa na nyinyi wenyewe. Gari likikwama kwenye tope mnabonyeza kitufe ili magurudumu yazunguke, na mnafanya vizuri, bila hivyo hutoki. Mkishatoka mnasahau. Kuizima moteri na kuiwasha upya huirudisha kwenye magari mengi.

Ya tairi, ile kama kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao, magari mengi ya zamani ya Japani hayana. Waliotoa magari Marekani wanayo, kwa kuwa kule sheria iliyalazimisha magari mapya tangu ya 2008. Inawaka hewa ikipungua kwa robo hivi. Ikipepesa kama dakika moja kisha ikabaki, ni mfumo wake wenye kasoro, mara nyingi sensa. Mara nyingi betri zake ndogo zimezeeka. Ya batri nyekundu ikiwaka unapoendesha, alternata, mashine inayochaji batri, haichaji; zima redio na feni, nenda garaji iliyo karibu, na kumbuka gari lenye usukani wa umeme litaanza kuwa zito kabla halijazima.

Maswali mengine? Ndiyo, mama.

(Mama mmoja mwenye Noah ya familia: "Baba, taa gani ikiwaka nishushe watoto na nitembee kwa mguu?")

Nyekundu ya freni wakati freni ya mkono imeachiwa, mama, hata kama pedali unaiona nzuri. Nyekundu ya freni na ABS pamoja. Ya usukani ikiwa nyekundu na usukani umekuwa mzito, hasa kama njia yako ni ya miteremko. Hizo washushe. Ya airbagi unaweza kufika nyumbani nayo, polepole, mikanda imefungwa, watoto nyuma, lakini usiiache ikalala wiki mbili. Na pedali iliyozama, tablo ikiwa haina taa hata moja, washushe pia.

(Shofa mwingine: "Kama ni hivyo, si bora gari ya zamani isiyo na ABS wala nini, isiyokusumbua na taa?")

Swali zuri. Gari lisilo na ABS, lenye plaketi nene, mafuta mapya ya freni na shofa anayejua kwamba hana ABS, napanda bila wasiwasi. Lenye ABS iliyokufa si sawa na hilo, maana shofa wake amezoea kukanyaga kwa nguvu zote na kukata kona, mguu haujui kwamba msaada umeondoka. Ukiniuliza lipi ninunue kwa pesa zangu, nachukua lenye ABS na nalitengeneza sensa. Sensa iliyotumika tunaipata hapa Kadutu, ila leta namba ya chasisi, ya kulia na ya kushoto mara nyingi hazifanani.